Gunia moja, nyumba ishirini: namna ya kununua chakula bora kwa pamoja mtaani

Anayenunua maharage kwa kopo dogo kila jioni huyalipia zaidi, kilo kwa kilo, kuliko anayenunua gunia. Si kwa ujinga. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na duka la jirani humpimia kiasi anachokimudu. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na orodha ya vyakula vyenye vitamini. Wengi wanajua tayari kwamba maharage na mboga ni chakula kizuri. Unaanza na mzani, daftari na gunia, kwa kuwa hapo ndipo bei inapoteremka.

Mpango ni huu: nyumba kumi hadi ishirini zinachanga kidogo kidogo kwa wiki mbili, zinanunua kwa bei ya jumla, zinagawana kwa mzani siku ileile mzigo unapofika, na hakuna anayechukua kwa deni. Kueleza ni rahisi. Yanayouangusha ni mambo madogo: gunia lenye unyevu, kilo mbili zisizojulikana zilikokwenda, fedha ya wote iliyolala kwa mtu mmoja usiku ambao mtoto wake aliugua.

Pima kabla ya kumwita mtu

Kwa siku tatu nunua kipimo kidogo kabisa cha kila chakula kinacholiwa sana mtaani, ukipime nyumbani. Gawa bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 1,000. Hiyo ndiyo bei ya kilo. Kikopo cha gramu 125 kinachouzwa 25 maana yake kilo moja ni 200. Usiliamini kopo kwa macho. Kitako kikibonyezwa kidogo kuingia ndani, au muuzaji akijaza bila kutikisa, kopo lilelile hutoa uzito tofauti kila siku.

Mzani wa jikoni wa kilo 5 unaosoma gramu moja moja unatosha kwa kazi hii. Kuukagua, pima chupa tupu, mimina ndani lita moja kamili ya maji, pima tena. Tofauti iwe karibu na gramu 1,000. Ikipotoka kwa zaidi ya gramu 10, badilisha betri na uweke mzani juu ya kitu kigumu kilicho sawa, maana meza inayoyumba huharibu kipimo. Baadaye kikundi kitahitaji pia mzani wa kuning'iniza wa kilo 50 au zaidi kwa ajili ya magunia.

Sasa tafuta bei halisi ya gunia, ambayo si ile anayoitamka muuzaji. Tarakimu zifuatazo ni za kuonyesha hesabu tu. Gunia la maharage la kilo 50 limenunuliwa kwa 6,000; usafiri 300; mifuko ya kugawia 60. Jumla 6,360. Mkishachekecha na kuchambua, mawe, makapi, vumbi na punje mbovu vinaondoa zaidi ya kilo moja, na mnabaki na kilo 48.6. Nyumba ishirini zikichukua kilo 2.4 kila moja, zimekwenda kilo 48. Kwa hiyo gawa 6,360 kwa 48: kilo moja ni 132.5.

Kosa linalojirudia kuliko yote ni kugawa kwa 50 badala ya 48. Bei inatoka nzuri zaidi, 127.2, watu wanafurahi, halafu mwisho wa siku sanduku lina upungufu wa 254 na mtunza fedha anaanza kutazamwa vibaya. Hakuna aliyeiba. Ni mawe na vumbi vilivyolipiwa sokoni.

Linganisha 132.5 na 200 ya kikopo: nafuu ni theluthi moja. Ikiwa nafuu yenu itatoka chini ya sehemu moja ya tano, acheni chakula hicho kiendelee kununuliwa dukani. Kazi ya kubeba, kuchambua na kupima ni kazi, nayo ina thamani yake. Hiyo gramu 600 iliyobaki isiachwe bila mwenyewe: iuzwe kwa mwanachama kwa bei ileile na iandikwe.

Watu

Chini ya nyumba kumi gunia linakuwa kubwa mno. Zaidi ya ishirini, kupima kunachukua nusu siku na watu wanachoka kusubiri. Chagueni walio ndani ya mwendo wa dakika kumi kwa miguu, kwa sababu mzigo utabebwa. Mzee au mgonjwa asiyeweza kufika apangiwe mtu wa kumpelekea tangu mwanzo. Wema wa kupelekeana bila mpangilio hudumu mizunguko miwili au mitatu hivi.

Kazi ni tatu. Wanunuzi wawili, ambao hawaendi sokoni mmoja mmoja. Mtunza fedha. Mtunza daftari, ambaye asiwe mtunza fedha na asilale nyumba moja naye. Wanunuzi wabadilishwe kwa zamu, mmoja atoke na mwingine abaki, ili ujuzi wa kutambua gunia zuri usiondoke na mtu. Mkiwabadilisha wote kwa pamoja, mzunguko unaofuata mtanunua maharage ya mwaka juzi.

Wazo la namna hii si geni. Mwaka 1844, katika mji wa viwanda wa Rochdale huko Uingereza, watu 28 walichanga wakafungua duka lao na kuanza na vitu vichache tu: siagi, sukari, unga, shayiri na mishumaa. Waliuza kwa fedha taslimu. Hawakukopesha, ingawa wateja wao walikuwa watu wa kipato kidogo waliozoea kuchukua kwa deni. Sheria hiyo inaonekana ya kikatili mpaka uone kikundi kimoja kikivunjika kwa sababu nyumba tatu hazijalipa na gunia lijalo haliwezi kununuliwa.

Kuchanga kwa anayelipwa kwa siku

Mtu asiye na 350 leo anaweza kuwa na 25 leo. Tengenezeni kadi ya karatasi ngumu yenye vyumba 14, kimoja kwa kila siku. Kila anapolipa, mtunza fedha anatia sahihi kwenye kadi na mtunza daftari anaandika upande wake. Kadi inakaa kwa mwanachama. Daftari linakaa kwa kikundi. Viwili hivyo vikitofautiana, kadi ndiyo inayoaminiwa, na hili lisemwe siku ya kwanza.

Angalia hesabu: 25 kwa siku 14 ni 350. Kwa fedha hiyohiyo, mnunuzi wa kikopo amepata gramu 125 mara 14, yaani kilo 1.75. Mwanachama anapata kilo 2.4 zilizochambuliwa, ambazo ni 318. Ongezeni asilimia 3 kwa ajili ya mfuko wa akiba (mzani utaharibika, mifuko itapasuka), inakuwa 328. Anarudishiwa 22. Chenji irudishwe kwa fedha, siku ileile, isigeuzwe kitunguu wala ahadi.

Mzunguko wa kwanza ndio mgumu, kwa sababu nyumba inachanga huku ikiendelea kununua kopo la jioni. Ufanyeni wa siku 28 kwa nusu ya mchango. Kuanzia wa pili, kopo la jioni halihitajiki tena na wiki mbili zinatosha.

Fedha isirundikane. Mkiweka kwenye sanduku, liwe na kufuli mbili na funguo kwa watu wawili tofauti. Akaunti ya simu ni salama zaidi, mradi kila Jumamosi salio lisomwe mbele ya wawili na liandikwe. Siku tatu kabla ya kununua, orodha inafungwa. Anayekuja baada ya hapo anasubiri mzunguko mwingine, hata akiwa mwenyekiti.

Bei ya sokoni hupanda bila taarifa. Kwa hiyo wanunuzi waondoke na bei ya ukomo kwa kila kitu, iliyoandikwa, pamoja na mbadala: maharage yakizidi kiasi fulani, nunueni dengu, dengu nayo ikizidi, rudini na fedha. Bila karatasi hiyo, wanunuzi wataamua wenyewe katikati ya kelele na lawama itawafuata nyumbani.

Anzeni na vitatu

Jamii ya kunde moja (maharage, kunde, dengu, yoyote inayopendwa), nafaka moja, na mafuta ya kupikia. Hivi havifi njiani. Mboga ziongezwe mzunguko wa tatu, mtakapokuwa mmeshajua kupima bila kugombana.

Jamii ya kunde ndiyo ianze kwa sababu ndiyo protini ya bei ndogo: gramu 100 za maharage makavu zina protini kama gramu 22, wakati yai moja lina kama 6. Kwa mlo, hesabu gramu 70 za maharage makavu kwa mtu. Nyumba ya watu watano ni gramu 350 kwa mlo, kwa hiyo zile kilo 2.4 ni karibu milo saba, yaani mlo mmoja kila baada ya siku mbili kwa wiki mbili. Maharage yakiiva huongezeka uzito zaidi ya mara mbili, hivyo usidanganyike ukiyaona machache ndani ya mfuko.

Kwenye nafaka, ile isiyokobolewa ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi, lakini unga wake hauhifadhiki muda mrefu. Kiini cha punje kina mafuta, na yakishasagwa yanaanza kuchacha. Unga wa namna hiyo ununuliwe wa wiki mbili hadi nne, si zaidi. Anayeweza kununua punje nzima na kusaga kidogo kidogo amemaliza tatizo hilo.

Mafuta yana mtego wake. Dumu la "ishirini" linaweza kuwa la lita 20 au la kilo 20, na havifanani: lita moja ya mafuta ina uzito wa takriban kilo 0.92, kwa hiyo lita 20 ni kilo 18.4 tu. Uliza, kisha lipime dumu. Wakati wa kugawa, chupa ziwe zimekauka kabisa. Maji kidogo yaliyobaki huharakisha mafuta kuharibika na huyafanya yaruke kikaangoni. Chupa iliyowahi kubeba sabuni, mafuta ya taa au dawa ya wadudu ikataliwe, hata ikiwa imeoshwa mbele yenu.

Mbele ya gunia

Juu ya gunia muuzaji huweka anachotaka ukione. Omba kuchoma bambo, kile chuma chenye mfereji cha kutolea sampuli ndani ya gunia, katikati na karibu na kitako, pande mbili tofauti. Muuzaji wa jumla anayekataa bambo amekujibu. Mimina sampuli zote kwenye ungo mmoja na uanze na pua. Harufu ya ukungu, ya chumba kilichofungwa, inatosha kuondoka. Hapo hakuna kupunguziwa bei.

Sumukuvu, ile inayotokana na kuvu kwenye mahindi na karanga hasa, haiondoki kwa kupika, na punje inaweza kuwa nayo bila kuonyesha chochote. Punje zilizobadilika rangi, zilizosinyaa au zenye unga wa kijani au kijivu ni dalili kwamba gunia lilipata unyevu. Msilinunue kwa nia ya kuchambua. Msilinunue kwa ajili ya mifugo pia, kwa kuwa sumu hiyo hupita hadi kwenye maziwa.

Kuhusu unyevu, beba chupa ya kioo safi na kavu yenye kifuniko. Jaza nafaka hadi theluthi moja, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa kwa nguvu dakika moja, halafu iache itulie dakika 15. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi takriban asilimia 15 na nafaka hiyo itaota ukungu. Ikishuka yote chini, endelea. Jaribio hili hudanganya kwa njia moja: chumvi yenyewe ikiwa na unyevu. Ikaushe kwenye kikaango nyumbani na uibebe kwenye kichupa kilichofungwa. Kwa maharage, jaribu na jino: yaliyokauka hupasuka, yenye unyevu hubonyea.

Kisha hesabu punje 100 bila kuchagua, uzipange kwenye kitambaa. Tundu ndogo za duara ni njia walizotokea wadudu. Vidoa vyeupe vilivyoganda kwenye ganda ni mayai. Punje zilizobunguliwa zikizidi tano kati ya mia, rudisha. Watu husema "ni tundu chache tu, tutachambua", lakini kwenye joto wadudu wa maharage hukamilisha kizazi kwa mwezi hivi, na walio ndani ya punje leo hawaonekani. Ungo wako utakuwa safi leo na mfuko wa jirani utajaa vumbi wiki ya nne.

Kuna kasoro moja ambayo macho hayaioni kabisa: uzee. Maharage yaliyokaa muda mrefu mahali penye joto na unyevu huwa magumu, yakachemka saa tatu na yasilainike. Gunia la namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini, na kinachookolewa sokoni kinaishia kwenye mkaa au gesi. Dawa ni kununua nusu kilo ya sampuli siku tatu kabla, kuloweka usiku kucha na kupika. Yakipita saa moja na nusu bila kulainika, tafuteni gunia jingine. Mchukue sampuli kutoka rundo lilelile mtakalonunua, na mwandike alama ya gunia.

Mwisho, pimeni gunia kwa mzani wenu kabla ya kulipa. Toeni uzito wa gunia tupu: la plastiki ni kama gramu 100, la katani linaweza kuzidi nusu kilo.

Siku ya kugawa

Ifanyike mchana, mahali pa wazi, juu ya turubai safi. Mpangilio unaofaa: pima gunia zima na uandike, chekecha na chambua, pima tena na uandike, gawanya kwa idadi ya nyumba, ndipo anza kujaza mifuko. Ukijaza mifuko kabla ya kipimo cha pili, nyumba ya ishirini itapata pungufu, na mara nyingi nyumba ya ishirini ni ya mtu mpole asiyesema.

Kila mfuko upimwe, usipimwe mmoja kisha mingine ikafananishwa kwa macho. Bonyeza mzani usome sifuri mfuko mtupu ukiwa juu yake. Anayepima huchukua fungu lake mwisho. Sheria hii moja inaondoa nusu ya minong'ono.

Kwa vitu visivyolingana, kama kabichi, viazi au vitunguu, pangeni mafungu yenye uzito sawa, yapeni namba, na kila mmoja achukue kikaratasi kutoka kwenye kofia. Hakuna kuchagua. Fungu likiwa na kabichi lililooza ndani, libadilishwe siku hiyohiyo kutoka kwenye ziada, wala si siku mbili baadaye kwa maneno.

Mboga

Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa mtu kwa siku, bila kuhesabu viazi wala mihogo. Nyumba ya watu watano ni kilo 14 kwa wiki, mzigo ambao mifuko mingi haiufikii. Anzeni na nusu yake, na mnunue zinazovumilia: kabichi, karoti, vitunguu, maboga. Mboga za majani laini ziachieni wauzaji wa mtaani. Hununuliwa asubuhi na kuliwa jioni, na kikundi kinachozinunua kwa mafungu makubwa hugawana nusu iliyonyauka.

Kabichi linunuliwe kwa uzito. Likiuzwa kwa kichwa, linyanyue: lililofunga vizuri ni zito kuliko linavyoonekana. Acheni majani mawili ya nje, ndiyo koti lake. Karoti zikatwe majani mara moja, kwa kuwa majani huendelea kunyonya maji ya mzizi. Nyanya za tenga zichambuliwe kabla ya kugawa katika mafungu matatu, za leo, za keshokutwa na za wiki. Iliyopasuka isiwekwe na nyingine.

Bei hushuka soko linapokaribia kufungwa. Ni nafuu ya kweli kwa mboga ngumu. Kwa nyanya na majani, mnanunua kitu cha kupikwa usiku huohuo, kwa hiyo nendeni saa hiyo mkiwa mmekubaliana nani anapika.

Nyumbani

Mtu aliyechukua chakula cha wiki mbili hahitaji dawa ya kuhifadhia. Anahitaji chombo kikavu kinachofunga vizuri, kisichogusa sakafu wala ukuta wenye unyevu. Akitaka kukaa nacho miezi miwili, ajaze chombo hadi mdomoni, akibane kisipitishe hewa, na asikifungue kila siku. Wadudu wakimaliza hewa iliyomo hufa. Ndiyo maana dumu lililojaa nusu halifanyi kazi. Mwenye friza anaweza kugandisha mfuko kwa siku nne, akaua wadudu na mayai.

Vidonge vya kufukizia ghala visiingie ndani ya nyumba kwa sababu yoyote. Gesi yake, fosfini, huua watu waliolala chumba hicho au cha jirani.

Viazi vikae gizani, maana mwanga huvigeuza kijani na kijani hicho huambatana na sumu. Visikae na vitunguu. Chumvi yenye madini joto ifunikwe na isikae juu ya mvuke wa sufuria. Itiwe chakula kinapokaribia kuiva.

Kupika bila kumaliza mkaa

Loweka maharage saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, tia mapya. Kulowekwa kunapunguza muda wa jikoni, na muda ndio fedha. Nyanya, limau na siki vitiwe maharage yakishalainika. Uchachu ukitangulia, ganda linakaza. Magadi hulainisha haraka, ila huharibu vitamini B1, kwa hiyo yasiwe mazoea.

Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo huondolewa na mchemko wa nguvu tu. Yachemke kwa fujo kwa dakika 30 kabla ya kupunguza moto. Sufuria la umeme linalopika kwa joto la chini halifiki kwenye mchemko, na maharage yaliyopashwa hivyo yanaweza kuwa na madhara kuliko mabichi: kutapika na kuharisha huanza ndani ya saa chache.

Baada ya dakika hizo 30, sufuria lenye mfuniko linaweza kuondolewa motoni na kuwekwa kwenye kapu lililojazwa nguo, pumba au blanketi pande zote, juu na chini, kwa saa tatu hadi nne. Lisifunuliwe. Sufuria liwe limejaa angalau theluthi mbili, kwa kuwa chakula kidogo hupoa upesi. Likitolewa, lichemshwe tena kabla ya kula. Ukilifungua na kulikuta vuguvugu tu, kapu lako lina mwanya. Mara nyingi ni juu, palipofunikwa na kitambaa kimoja.

Chakula kilichopikwa kisikae mezani zaidi ya saa mbili kwenye joto. Wali uwe wa tahadhari zaidi: vijidudu vyake hutoa sumu isiyoondoka kwa kupasha moto, hivyo asiye na friji apike wa kuliwa mara hiyo.

Duka la jirani, na kikundi kikikua

Mwenye duka si adui. Yeye ndiye anayekopesha sukari siku kikundi hakikopeshi, na hilo wanachama wanalijua. Mara nyingi inafaa kumwendea mapema na kumpa kazi: ana nafasi, ana mzani, pengine ana usafiri. Apokee magunia yenu kwa ada iliyotajwa kwa kila kilo, na kupima kubaki kwenu. Ada hiyo iingizwe kwenye hesabu ya bei halisi kama ulivyoingizwa usafiri, na ikila nafuu yote, mshukuruni mwendelee wenyewe.

Nyumba zikifika 25, gawanyikeni kabla ya kulazimika. Kikundi kipya kipewe nakala ya kurasa za daftari zenye bei za miezi sita, kiazimwe mnunuzi mmoja mzoefu kwa mizunguko miwili, na kianze na maharage peke yake. Mzani kitanunua chenyewe kutoka kwenye ile asilimia 3; mpaka hapo kipime siku tofauti na yenu, kwa mzani wenu, na mnunuzi aliyeazimwa aurudishe jioni hiyohiyo.